Zulia Lililolala Kifudifudi

Nililikuta chini ya miguu ya kiti. Duka lilikuwa katika vichochoro vya ndani vya soko la Matrah, mjini Maskati, mbali kidogo na barabara ya pwani ambako wageni hununua ubani na vyetezo, na niliingia humo kwa ajili ya kiyoyozi tu, maana ulikuwa mwezi wa Juni na shangazi yangu alikuwa bado anabishana na muuza vitambaa duka la tatu kutoka hapo. Ukutani yalitundikwa mazulia makubwa yenye bustani na ndege. Sakafuni yalirundikwa ya kiwandani, mekundu sana na laini sana. Mzee mwenye duka alikuwa ameketi nyuma ya meza ndogo akinywa chai ya maziwa, na kiti chake kilisimama juu ya kitu cheusi, chembamba, kisichong'aa, ambacho mwanzoni nilikidhania gunia.

Nilipoinama kuokota mtandio wangu ulioanguka, niliona kwamba gunia lile lilikuwa na safu za mafundo madogo, safu juu ya safu, kama punje za mtama zilizopangwa na mtu asiye na haraka. Ndani ya weusi wake mlikuwa na buluu, na ndani ya buluu mlikuwa na nukta nyeupe zisizozidi ukubwa wa kichwa cha pini. Lilikuwa zulia, nalo lilikuwa limelazwa kifudifudi, uso chini na mgongo juu.

“Shikamoo, babu,” nilisema, kwa kuwa nilikuwa nimemsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu. Maskati haina upungufu wa wazee wa namna hiyo: walizaliwa Unguja au Pemba, wakaja huku baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa madaraka na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, na hadi leo hukasirika kwa Kiarabu na kutania kwa Kiswahili.

“Marahaba, mwanangu. Umepotea?”

Nilimuuliza kwa nini amelilaza zulia vile. Alilitazama kana kwamba alikuwa amelisahau. “Kiti kingelimaliza manyoya,” alisema. “Mgongo wake hauna cha kuliwa.”

Alisogeza kiti, nami nikaligeuza. Lilikuwa mswala. Katikati, juu ya uwanja wa rangi ya ngamia, ulisimama mti mmoja wenye matawi yaliyonyooka na majani yenye pembe kama yaliyokatwa kwa mkasi. Juu yake mihrabu ya mraba, isiyo na tao. Na kila upande wa mihrabu kiliwekwa kisanduku kidogo mahali ambapo viganja hutua wakati wa kusujudu. Sehemu mbili zilikuwa zimelika hadi nyuzi za ndani zikaonekana, na sikuhitaji kuambiwa kwamba hapo palikuwa pa magoti.

“La Kibulushi hilo,” mzee alisema, akarudia chai yake.

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani kila mpenda vitu vya kale hulifanya: nililipa zulia hadithi kabla lenyewe halijaniambia lolote. Babu yake mama yangu alikuwa Mbulushi. Wabulushi, watu wa ng'ambo ya bahari kutoka Oman, walifika Unguja na Mombasa wakiwa askari wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na baada ya kufa kwake mwaka 1856 waliendelea kuwatumikia wanawe. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kwenda kulitafuta ziwa la bara, walinzi wao walikuwa Wabulushi waliotolewa na serikali ya Seyyid Majid. Nyumbani kwetu palibaki jina, pua ndefu za wajomba, na methali mbili tatu ambazo hakuna aliyejua tena maana yake. Kwa hiyo, nilipokuwa nimepiga magoti katika duka lile, tayari nilikuwa nimeshamwona babu huyo akiteremka jahazini na mswala uliokunjwa begani, na nikamweleza mzee, kwa maneno mengi kuliko ilivyostahili, kwamba huenda kitu cha ukoo wangu kilikuwa chini ya kiti chake.

Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe mezani. Yeye mwenyewe, kumbe, alikuwa Mbulushi kwa baba. “Watu wetu sisi ni wa Makran,” alisema, “na mama zetu wa Makran hawakufuma haya. Wao ni wa sindano. Hili ni la Khorasan huko, au la upande wa Herat. Babu yako asingelijua.”

Ilikuwa kweli, na nilipaswa kuikumbuka mwenyewe. Makran ni pwani kavu inayoanzia kusini mashariki mwa Iran na kuendelea hadi Pakistan ya leo. Mji wake wa Gwadar ulikuwa mali ya Oman tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi mwaka 1958, na ndiyo maana askari wa masultani walitoka huko. Wanawake wa pwani hiyo wanasifika kwa darizi: magauni yenye kifua na mikono iliyojaa sindano ndogondogo, na mfuko mrefu ulioshonwa mbele kuanzia kiunoni. Katika kasha la bibi yangu kulikuwa na kipande cha gauni la aina hiyo, chenye kifua chekundu kilichopauka, ambacho tulipokuwa watoto tulikichezea harusi za wanasesere bila mtu kutukataza.

Babu akatoka katika hadithi, zulia likabaki peke yake. Nakiri kwamba ni hapo nilipoanza kulitazama.

Jina la “Kibulushi” katika biashara ya mazulia lina upana unaopotosha. Wanaofuma mazulia ya manyoya yanayouzwa kwa jina hilo huishi mbali sana na bahari, katika Khorasan, kaskazini mashariki mwa Iran, katika Sistan, na katika nyanda za magharibi mwa Afghanistan kuzunguka Herat na Farah. Baadhi yao ni Wabulushi hasa, ambao mababu zao walisogea kaskazini, wengine wakihamishwa na Nadir Shah, mfalme wa Uajemi, katika karne ya 18. Lakini mazulia mengi ya fungu hilo yalifumwa na majirani zao, Watimuri, Wabahluli na wengineo, yakafikishwa kwenye masoko ya Mashhad na Herat, na huko wachuuzi wakayapa jina moja kwa sababu yalifanana kwa udogo na kwa giza. Neno letu “zulia” nalo ni msafiri wa njia hizo hizo: Waarabu wa Ghuba husema zuliya, na nyuma yake kuna neno la Kiajemi, zilu, ambalo ni jina la mkeka wa pamba uliofumwa bapa bila manyoya. Sisi tulilipokea neno, na kitu chenyewe tukawa tunakiona kwa nadra. Mswala wa utotoni mwangu ulikuwa wa ukili, uliacha alama za milia usoni mwa mtu aliyezidisha sijida.

Mzee, alipoona sitaki kuondoka, alinitolea ndugu za zulia lile. Kulikuwa na mito ya kuegemea iliyofumwa upande mmoja tu, mifuko miwili iliyoungana ya kumtandika punda, na mfuko wa chumvi wenye shingo nyembamba. Shingo hiyo imenifurahisha kuliko nakshi zote za hariri zilizokuwa ukutani: chumvi ndiyo inayowaita mbuzi na kondoo, na mkono wa mchungaji hupita mle ilhali kichwa cha mnyama hakipiti. Kulikuwa pia na zulia dogo lenye vifaru na helikopta mahali pa maua, kwa kuwa baada ya jeshi la Kisovieti kuingia Afghanistan mwezi Desemba 1979, wafumaji wa maeneo hayo walianza kufuma walichokiona angani na barabarani. Hilo sikulitaka nyumbani kwangu, ingawa nililitazama kwa muda mrefu.

Lakini niseme la mgongo, maana ndilo lililonifanya nitoe pesa.

Uso wa zulia huweza kudanganya. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mwingine ambao sitautaja, niliuziwa zulia dogo lililosifiwa kuwa la hariri na la umri wa miaka 100. Nilipofika nyumbani nikachomoa uzi mmoja kutoka kwenye mashada ya pembeni na kuuchoma, nikanusa karatasi iliyoungua. Hariri ikiungua hunuka nywele. Iliyonuka karatasi ni pamba, na yangu ilikuwa pamba iliyong'arishwa kiwandani, kisha ikatiwa maji ya chai ili ionekane nzee. Tangu siku hiyo nimejifunza kugeuza. Nyuma hakuna mng'ao wala ulaini wa kumtongoza mtu; kuna mafundo, mtande na mshindio, na kila kilichofanywa kiko wazi.

Nyuma ya mswala ule niliona kwanza kwamba mtande ulikuwa wa sufu nyeupe na mshindio wa sufu ya kahawia isiyotiwa rangi, yaani mfumaji alitumia kondoo weupe kwa nyuzi za kusimama na kondoo weusi kwa nyuzi za kupita. Kingo zake zilikuwa ngumu, nyeusi, zilizosokotwa kwa singa za mbuzi, ambazo hazilegei hata zikiburutwa juu ya mawe. Fundo lenyewe lilikuwa lile lisilo na ulinganifu, ambalo uzi wake huuzunguka kikamilifu mtande mmoja na kupita tu nyuma ya mwenzake, na ukipapasa uso unahisi manyoya yameelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kisha nikaona kwamba zulia halikuwa na pembe za mraba. Baadaye nililipima: chini lilikuwa na upana wa sentimita 86, juu 81. Kitanda cha kufumia cha wafugaji wanaohama hulazwa ardhini na kukazwa kwa vigingi vinne. Wakati wa kuhama ukifika, vigingi hung'olewa, kazi hukunjwa ikiwa nusu, ikapakiwa juu ya mnyama, na mahali papya hutandazwa na kukazwa tena kwa makadirio. Upungufu ule wa sentimita tano haukuja polepole. Theluthi ya juu ya zulia ilianza kwa hatua, kama bega, na hapo hapo rangi ya uwanja wa ngamia ilibadilika kuwa nyepesi kidogo, kwa sababu sufu ya rundo jipya ilikuwa imechovywa katika chungu kingine.

Rangi nazo zilikuwa na habari zao. Wekundu wake, uliokaribia ule wa tofali lililoiva, ulitokana na mzizi wa mmea ambao Waajemi huuita ronasi, uliochemshwa pamoja na sufu iliyolowekwa kwanza katika maji ya shabu ili rangi ishike. Buluu ilikuwa ya nili. Nili haishiki kwa kuchemshwa. Majani yake huvundikwa mpaka maji yawe ya kijani-manjano, na sufu hutoka chunguni ikiwa na rangi hiyo hiyo isiyopendeza, ikaanza kuwa buluu mbele ya macho kadiri upepo unavyoipiga. Nyeusi ya kuzunguka maua ilikuwa imezama chini ya nyingine kana kwamba imechongwa, jambo ambalo halikuwa ufundi bali kutu: rangi hiyo hupatikana kwa chuma na maganda ya komamanga au ya jozi, na chuma, miaka ikipita, huila sufu. Halafu palikuwa na maua manne madogo ambayo usoni yalikuwa ya kijivu, lakini mgongoni yalikuwa ya zambarau kali, ya kuchekesha, kama peremende. Hiyo ni rangi ya kiwandani isiyostahimili jua. Chanzo chake ni London, mwaka 1856, ambapo kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe akapata zambarau badala ya dawa. Miongo michache baadaye rangi za ukoo huo zilikuwa zimefika katika masoko ya Uajemi zikiuzwa kwa unga. Nilipenda kumfikiria mwanamke aliyelifuma, mwenye ronasi na nili zake zilizozoeleka, akinunua kidogo cha ajabu mpya ya mjini, akaitia katika maua manne tu. Alikuwa na haki ya kuonja.

Mzee alitaka riali 90. Nilisema 40, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hata 90 angelipa. Tulikuwa tumefika 70 shangazi alipoingia na mifuko yake, akatazama chini, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, “Mmetafuta wapi tambara hili?” Mzee alishuka hadi 58 bila mimi kufungua kinywa. Akakunja mswala ule mara nne, akautia katika mfuko wa plastiki wa duka la mchele, kisha akatandika chini ya kiti chake moja ya yale mekundu ya kiwandani, uso juu.

Uani kwa shangazi nilikandamiza kwanza kitambaa cheupe kilicholowa maji juu ya kila rangi, ili nione kama kuna itakayotoka. Zambarau peke yake iliacha kivuli. Basi nikaliosha kwa maji baridi na sabuni hafifu, nikilisukuma kwa kiganja kufuata mwelekeo wa manyoya. Maji ya kwanza yalikuwa kama kahawa. Ya pili kama chai. Ilipofika mara ya sita yalikuwa bado na vumbi, vumbi laini la rangi ya dhahabu lililotulia chini ya beseni, na nyumba nzima ikanuka mbuzi. Shangazi alifunga madirisha yote ya upande ule. Lilipokauka, hata hivyo, lilikuwa limepata mng'ao wa ndani ambao haukuwepo dukani, na uwanja wa ngamia uliokuwa kahawia ya matope ukawa rangi ya asali. Shangazi alisalia Magharibi juu yake, kwa udadisi tu, akalalamika kwamba linachoma paji la uso, akarudi kwenye mswala wake laini wenye picha ya Kaaba.

Nimerudi nalo Unguja. Usiku ambao umeme ulikatika niliwasha taa ya betri, nikalilaza kifudifudi mezani, nikahesabu mafundo kwa ncha ya sindano: katika sentimita 10 za upana yalikuwa 30, katika sentimita 10 za urefu 36. Zulia zima, lenye urefu wa sentimita 138, lina mafundo kama 124,000. Hata kama fundo moja lingechukua sekunde 10 tu pamoja na kukata uzi, na hakuna mwenye watoto na mbuzi anayefuma kwa mwendo huo mfululizo, ingekuwa saa 344 bila kuhesabu kunyoa kondoo, kusokota na kutia rangi. Nilijiona, usiku ule, kwamba nimelimaliza: hakuna fundo ambalo jicho langu halikulipitia.

Wiki iliyofuata alikuja jirani yetu, mama mtu mzima wa Makunduchi ambaye amesuka mikeka tangu kabla sijazaliwa. Nililitandaza sebuleni uso juu, nikitarajia atausifu mti. Hakusema lolote. Alikaa chini, akalishika pindo, akaligeuza, akaanza kulipapasa mgongo kwa vidole vyote kumi, kichwa akikitazamisha dirishani, jinsi anavyokagua ukili kabla ya kuununua.

“Hapa alihama,” alisema, kidole kikiwa juu ya lile bega. Sikuwa nimemwambia.

Akaendelea. Alipofika karibu na mihrabu, alisimama, akarudi nyuma kidogo, akafikicha. “Na hapa je? Huu si uzi wake.”

Nilimwambia ni sufu yote, nimeihesabu. Aliuchukua mkono wangu kama wa mtoto, akaweka kidole changu cha shahada mahali pale, katika ua la juu kabisa la mti. Palikuwa baridi na pateketeke kuliko pembeni, kama ulimi mdogo. Nilileta taa. Katikati ya ua, ndani ya nukta ambayo nilikuwa nimeiandika daftarini kuwa “nyeupe”, palikuwa na kundi dogo la mafundo ya hariri ya waridi iliyopauka, hariri ya kweli, katika zulia ambalo hakuna mtu, hata mzee wa Matrah aliyekuwa na kila sababu ya kufanya hivyo, aliyewahi kudai kwamba lina hariri.

Tuliyahesabu, yeye kwa kidole na mimi kwa sindano. Nilipata kumi. Yeye alipata kumi na moja, na lile la kumi na moja lilikuwapo.